Moto Ndani ya Kinywa

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema hivyo. Nililelewa Kehancha katika shamba la tumbaku, na mtoto wa tumbaku hujifunza kushuku kabla hajajua kusoma. Wanunuzi walipokuja, jani zuri waliliita bovu. Baba naye, kwa kuwa alijua watafanya hivyo, aliyaficha majani mabovu katikati ya robota na kuyazungushia yale mazuri ya rangi ya dhahabu. Mnunuzi mjanja alitia mkono mpaka kwapani na kuchomoa jani la katikati, huku baba akitabasamu na yeye akitabasamu. Nilisimama pale na kamba zangu za kufungia, nikaamua kwamba maishani sitakubali kitu chochote mpaka nimetia mkono katikati.

Kwetu hakuna mwanamke aliyevuta. Tulipanda, tukachuma, tukatunga majani kwenye vijiti, tukachochea moto wa banda la kukaushia mpaka macho yakawa mekundu, lakini kuvuta kulikuwa kazi ya watu wengine. Sigara nilifundishwa nilipoolewa Homa Bay, kando ya ziwa, na mwalimu wangu alikuwa mama mkwe.

Mume wangu alikuwa mchimbaji dhahabu kule Osiri. Tulijuana sokoni Migori, akanioa, akanifikisha kwa mama yake, kisha akarudi mashimoni na kuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi. Tukabaki wanawake wawili katika boma moja. Mimi Kijaluo sikukijua, yeye Kikuria hakukijua, basi tukazungumza Kiswahili, yeye cha sokoni na mimi cha shuleni, na hata nilipokuja kukijua Kijaluo tuliendelea hivyo hivyo. Aliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Mwaka wa kwanza sikujua kama hilo ni jina au ni shtaka. Nikitoka kuanika omena, wale dagaa wetu wa ziwani, yeye alipita nyuma yangu kuwakagua upya. Nikipika, alionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Sikumlaumu. Mimi pia nilikuwa nafunua sufuria zake.

Mchana mmoja, tulipomaliza kutandaza omena juu ya nyavu kuukuu, alikaa nyuma ya jiko akawasha sigara. Akavuta mara mbili, akaigeuza, akaingiza upande wenye moto mdomoni na kufunga midomo. Nilidhani amerukwa na akili. Taya halikusogea. Moshi ulimtoka puani polepole, na mikono yake yote miwili ikaendelea kuchagua samaki.

“Hii upepo ya ziwa inakula sigara,” aliniambia baadaye. “Ukiweka moto ndani, inakaa. Na mtu akipita, nani ataona?”

Akanipa moja. Nilijichoma ulimi, nikajichoma shavu, nikanywa uji baridi kwa siku kadhaa. Kisha nikajua: ulimi ulale chini, taya litulie, pumzi iende puani taratibu. Ukiwa na haraka, unaungua. Wanawake wengi wa ufuoni walivuta hivyo, na wageni waliopita hawakujua lolote. Kwangu mimi ilikuwa ni kitu cha kwanza ambacho mama mkwe alinipa kwa mkono wake mwenyewe, na nilikipokea kwa sababu hiyo. Tangu hapo, kila mchana aliweka sigara moja juu ya jiwe la kusagia, fungu langu, na moja akakaa nayo yeye. Wakati huo tu ndipo tulipoketi pamoja bila mmoja kuwahesabu samaki wa mwenzake.

Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, baba mkwe akafariki, na sisi tukaendelea kuketi nyuma ya jiko. Katikati ya miaka ya tisini, ulimi wangu ukaanza kugusa kitu kaakaani, pale juu kwenye paa la kinywa. Kilikuwa kigumu kama ukoko wa ugali. Nilikisugua kwa mswaki, hakikutoka. Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa kijana, na alinimulika kwa tochi. Hakuniuliza kama navuta. Aliniuliza ninaweka moto upande gani. Akasema kuna doa jeupe, limeletwa na moto, na kwamba niache kabisa kisha nirudi mvua za masika zikiisha. Doa likiondoka, vizuri. Likibaki au likifunguka kuwa kidonda, atanituma Kisumu nikakatwe.

Kukatwa nilikujua. Ufuoni petu palikuwa na mwanamke aliyekatwa kaakaa. Akinywa uji, ulimtokea puani, na akizungumza ni binti yake peke yake aliyemwelewa. Mimi nilikuwa naishi kwa mdomo. Nilikuwa nauza omena Homa Bay, na kila baada ya muda napeleka magunia Migori, na huko kote ni kuita watu, kubishana, kutania, kuapa kwamba nakula hasara. Mchuuzi asiye na kauli akae nyumbani tu. Niliogopa sana. Hata hivyo nilimshuku yule kijana, nikamtafutia faida yake. Hakuniuzia dawa, hakuniambia nimwone jioni, hakutaka samaki. Kukosa faida yake ndiko kulikonitisha zaidi.

Nilimwambia mama mkwe mchana ule ule.

“Alimulika?” akauliza.

Nikasema alimulika.

“Inauma?”

Nikasema haiumi. Akainamisha kichwa akaendelea kuchagua samaki. Kesho yake, sigara yangu ilikuwa juu ya jiwe la kusagia kama kawaida.

Nikajaribu kuacha kwa nguvu zangu. Nilitafuna njugu, nikamumunya ukwaju, nikaimba nyimbo za kanisani mpaka watoto wakaniomba nipumzike. Asubuhi niliweza. Saa za mchana zilipofika, kinywa kiliudai moto wake, nikawa mkali kwa kila mtu, kuku wakiwemo. Nikishindwa, niliona aibu kuichukua ile ya kwenye jiwe mbele ya mama mkwe. Basi nilikwenda mjini kununua moja moja kwenye duka la Wahindi nyuma ya soko, na kila mara nilisema ni ya mzee, baba mkwe wangu.

Dukani, kando ya magunia ya unga, alikuwa akikaa mama mmoja mzee wa Kihindi, mama yake mwenye duka. Alizaliwa mjini pale pale, na Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo lililoniudhi. Siku moja, kijana wa kaunta alipokuwa ananyoosha mkono kunipa, huyo mama alisema kutoka kwenye kiti chake, “Mzee gani tena? Mzee tulimzika. Mimi mwenyewe nilikuja matanga.”

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Aliniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wavuta moto-ndani wote anawajua kwa midomo yao, amewaona tangu utotoni. Nikamweleza habari ya daktari, sijui kwa nini. Pengine kwa kuwa hakuwa wa kanisani kwetu wala wa ukoo wetu. Akasikiliza, akasema nije kesho asubuhi kabla duka halijafunguliwa, nipitie mlango wa nyuma, tufanye yoga. Nilidhani yoga ni kitu cha kunywa. Nikamuuliza ni chungu kiasi gani.

Njia nzima nilikuwa najiuliza huyu anataka nini. Duka lao linauza sigara. Mfanyabiashara gani humfundisha mteja asinunue? Au ana kitu kingine cha kuniuzia, cha bei kubwa zaidi? Tena miaka ile nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za waabudu shetani. Ilisemekana wanakuja na ukarimu, wanakualika ndani, wanakuwekea udi, na ukitoka huko si wako tena. Kanisani tulionywa karibu kila juma. Na mimi naitwa mlango wa nyuma, asubuhi, na mtu mwenye udi.

Nilikwenda kwa sababu ya yule mwanamke wa uji.

Ua wao ulikuwa umezungushiwa mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Palikuwa na mikeka miwili, na udi ukifuka kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Niliukagua udi ule. Nilifunua mkeka wangu nione kilichoko chini. Yule mama aliniacha nifanye yote, kisha akaketi akakunja miguu, mgongo wima. Akaniambia nikae vile vile, nifunge kinywa, nivute pumzi kwa pua, polepole, niiache itoke kwa pua, polepole zaidi.

Nikafanya. Akafungua jicho moja kunitazama.

“Nani alikufundisha?” akaniuliza.

Nikasema hakuna. Akasema watu huwachukua miezi kujifunza taya litulie na ulimi ulale, na mimi nimekuja navyo tayari. Ndipo nikaelewa, na nikacheka peke yangu kwenye mkeka. Ile ilikuwa pumzi ya moto ndani. Ilikuwa ni kuvuta vile vile alivyonifundisha mama mkwe, ila moto haupo. Mwili wangu ulikaa ukiusubiri, ukangoja, na pumzi ikaendelea kwenda na kurudi, na ile tamaa ikapanda mpaka shingoni ikashuka bila kupata kitu. Sikuamini. Nikangoja irudi, na kwa kweli ilirudi, lakini imechoka kidogo.

Nikawa naenda kila asubuhi nikipeleka samaki sokoni. Tulipiga magoti na kupinda mgongo kama paka aliyeamka. Tulisimama kwa mguu mmoja kama korongo, na yule bibi wa miaka sijui mingapi alisimama imara huku mimi nikiyumba na kushika bati. Tuliegemeza miguu ukutani, na hapo nilidai kanga ya pili ya kujifunika, maana sikuyaamini yale matundu. Mchana, saa ya sigara ilipofika, nilikaa nyuma ya jiko nikafunga midomo nikavuta hewa tupu. Siku nyingine nilishinda, siku nyingine nilishindwa nikaenda kuvuta nyuma ya choo na kurudi na hasira. Lakini zile za kushindwa zikawa zinapungua.

Kitu kimoja nilikikataa katakata. Mwisho wa mazoezi alisema tulale kama maiti: chali, miguu imenyooka, mikono pembeni, macho yamefumbwa. Nikamwambia kwetu hatuchezi kifo, si Kehancha wala hapa ziwani. Anayelazwa hivyo huwa ameshaoshwa. Akasema pumzi inatulia pale tu, bila hapo tamaa itakuwa inarudi. Nikalala ubavu, macho wazi, nikimwangalia yeye alivyolala maiti, nikihakikisha kifua chake kinapanda.

Siku moja nikamuuliza bila kuzunguka anataka nini kwangu. Hakukasirika. Alisema yeye na wifi yake walifanya yoga pamoja kila asubuhi tangu walipokuwa maharusi katika nyumba ile. Sasa wifi amekwenda Uingereza kwa mwanawe, hatarudi.

“Peke yangu nalala mpaka jua linanichoma,” akasema. “Nikijua wewe utagonga mlango, naamka.”

Nikamuuliza na zile sigara wanazouza.

“Duka ni ya mwanangu. Mdomo ni yako.”

Nilitia mkono katikati ya maneno hayo, sikukuta jani bovu. Niliendelea kumshuku kidogo kwa mazoea.

Aliyenitia wasiwasi hasa alikuwa nyumbani. Kila mchana, sigara juu ya jiwe. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe nimeacha, na kwa nini nimeacha, naye hakuacha kuiweka. Nilikuwa nikitoka kwa Mhindi asubuhi nimetulia, nikafika jikoni nikaikuta, nyeupe, imelazwa kwa uangalifu pale pale. Naye anakaa na ya kwake midomoni, amefumba, mikono kwenye samaki, ananitazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa siuoni hata moshi puani mwake. Nikasema moyoni, huyu amekuwa hodari mpaka anameza moshi wote. Sigara yangu niliitupa motoni, au nikawapa wavuvi. Kesho yake nyingine ilikuwa pale.

Kisha akaacha kula chakula changu. Ugali alisema ni mgumu, mchuzi alisema ni wa moto, chai hakuitaka. Alijikorogea uji wake mwenyewe akaungoja upoe kabisa, akanywa peke yake amegeukia ukuta. Mimi nilielewa kama mwanamke yeyote mwenye mkwe angeelewa. Amesikia naingia kwa Wahindi, anadhani nimepewa kitu cha kumtilia. Na kama yeye anadhani hivyo juu yangu, kwa nini mimi nisidhani juu yake? Anajua doa langu. Anajua moto utalifungua. Anautandika moto ule mbele yangu kila siku. Mwanawe akifiwa na huyu Mkuria, ataoa wa kwao wanayeelewana lugha. Niliwaza hivyo kweli, na nilimchukia. Nilianza kulaza watoto upande wa mbali na jiko lake.

Katikati ya masika nilipeleka magunia Migori. Ilikuwa wakati wa watu kuuza tumbaku, na wakulima kutoka kwetu walikuwa wamejaa mjini na harufu yao, ile harufu tamu ya banda la kukaushia. Mwanamume aliyekuwa ananunua omena wangu alivuta mbele ya uso wangu. Nilikaa nyuma ya magunia, nikanyoosha mgongo, nikafunga midomo. Jirani yangu wa biashara aliwaambia wateja wangoje, mama anasali. Nilipoinuka nilikuwa mzima, na nilimbania yule mwanamume bei mpaka akaniita jina baya. Nilirudi Homa Bay na furaha ambayo sikuwa na wa kumpa ila yule mama wa duka.

Masika yakaanza kupungua. Zilibaki siku chache nirudi kwa daktari, na ulimi wangu ulikuwa unapita juu ya kaakaa kila dakika bila kupata jibu. Mara ukoko upo, mara haupo. Asubuhi hiyo nilikuwa na tamaa ya sigara kuliko siku zote, kwa woga tu. Yule mama alipolala chali, mimi nikachoka kuwa macho. Nikasema liwalo na liwe. Nikalala maiti kando yake, miguu imenyooka, kanga imenifunika mpaka kifuani, nikafumba macho.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Najua kwamba nilisikia ndege wa ziwa na milango ya soko ikifunguliwa, na hakuna kilichonihusu. Sikuwa namshuku mtu. Nilikuwa sijawahi kupumzika hivyo tangu nilipotoka kwa mama yangu, na machozi yalinitoka yakaingia masikioni nikayaacha.

Nikasikia bati linavutwa. Nikasikia nduru.

Anayejua nduru ya kilio ya Kijaluo hahitaji kuelezwa. Ni ile inayopasua asubuhi na kuwaita watu wa vijiji vyote. Baadaye nilijua kwamba wanawake wa kanisani waliopara samaki nyuma ya ua walichungulia kwenye matundu, wakamwambia mama mkwe, aliyekuwa sokoni asubuhi hiyo, kuwa mkwewe amelazwa kwa Mhindi na udi kichwani. Alikuja mbio. Alichokikuta ni wanawake wawili wamelazwa sambamba, wamefunikwa, hawatikisiki. Hata mimi ningepiga nduru.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameniinamia, mikono kichwani, kinywa kimefunguka chote juu ya uso wangu, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia humo moja kwa moja. Nikaliona kaakaa lake. Halikuwa na doa jeupe. Lilikuwa na kidonda kilichochimbika, chekundu, chenye kingo kama nyama iliyotafunwa, kutoka nyuma ya meno mpaka mahali ambapo mwanga haukufika.

Nikakaa. Nduru ikakatika. Watu walikuwa wameshajaa ukutani, na mmoja akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, maiti ameamka, na yule mama wa duka naye akaketi akiuliza kulikoni, wakazidi kucheka. Mama mkwe alifunga kinywa kwa kiganja. Alijua nimeona.

Tulirudi nyumbani mpaka nyuma ya jiko. Aliketi mahali pake, mimi pangu. Juu ya jiwe palikuwa na sigara, fungu langu; siku hiyo alikuwa ameiweka mapema, kabla ya kutoka. Akaitoa ya kwake mfukoni akanionyesha. Ilikuwa nzima, ncha yake nyeupe, imeloa mate ya siku nyingi. Haikuwa imewashwa.

“Yangu ilianza mwaka ile mzee alikufa,” akasema. “Sasa hata chai siwezi. Moto siwezi. Lakini nikiacha, watu watauliza kwa nini nimeacha.”

Nikamuuliza, na ile ya kwenye jiwe je? Kwa nini uliniwekea mimi?

Alinitazama kama ninamuuliza jambo la kitoto. “Wanawake wa hapa ufuoni wanajua tunakaa wawili. Ikionekana moja, wataangalia mdomo ya nani imenyamaza. Na wewe ulisema umeacha. Nilijua hautachukua.”

Mimi nilikuwa nimepima kila mchana wa miezi ile kwa mizani ya baba yangu na wanunuzi wake, na katikati ya robota hili hapakuwa na jani bovu. Palikuwa na mwanamke anayeumwa, aliyeniamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Nililia. Yeye alinyoosha mkono, akaniambia nifungue mdomo, akaingiza kidole kinachonuka chumvi na omena akakipitisha kaakaani kwangu, polepole, mbele na nyuma.

“Ni laini,” akasema.

Tulikwenda zahanati pamoja, na kumpeleka kulitaka maneno mengi na kutishia kumwita mwanawe kutoka Osiri. Mimi daktari alinimulika kidogo tu, akacheka, akasema pamekuwa safi, niendelee na chochote ninachofanya. Yeye alimmulika kwa muda mrefu. Hakucheka. Aliandika karatasi ya Kisumu, kisha akaniita mimi peke yangu nyuma ya pazia, akaniambia kwa upole kwamba Kisumu watamsaidia maumivu, lakini kwa kukatwa amechelewa.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, mgongo wima. Nikaketi kando yake. Hakuniuliza daktari amesema nini.

“Ile pumzi ya Mhindi,” akasema, “yangu pia itatoa?”

Kwa miaka yote ya ndoa yangu mwanamke huyu aliwakagua samaki niliowaanika na akaonja mchuzi wangu kwa ncha ya ulimi. Nikamwambia itatoa. Nikangoja anigeukie, anipime kwa pembe ya jicho, aniulize nyar Kuria una hakika gani. Alifunga tu midomo, akalaza mikono magotini, akafumba macho na kuanza kuvuta kwa pua, polepole, kama yeye mwenyewe alivyonifundisha nyuma ya jiko.